Kufuli, Uwanja na Ukoko wa Harusi

Hapo zamani, na msianze kunihesabia karne, nasema zamani ya juzi juzi tu, zamani yenye chaja na vocha, palikuwa na mji mdogo unaoitwa Mtondooni. Watu wa Mtondooni walipendana. Walipendana msibani, walipendana kwenye mvua, walipendana hata kwenye foleni ya maji. Kilichowagawa kilikuwa kitu kimoja tu: simu.

Maana Mtondooni kulikuwa na simu za aina mbili. Ya kwanza watu waliiita Kufuli. Kufuli ilikuwa nyembamba, inang'aa, na haikutaka mazoea na mtu. Chaja yake ni yake peke yake. Ukitaka kuitia kitu, uwe mchezo, iwe picha ya ua la kuipambia, unakwenda dukani kwake na kuchukua alichoridhia mwenye duka. Fundi wa mtaani akithubutu kuifungua, inanuna na kuzimika moja kwa moja. Lakini mwizi akiiba Kufuli anaambulia kioo cha kujitazamia. Na kilichowekwa ndani yake hubaki vilevile kilivyowekwa.

Ya pili waliiita Uwanja. Uwanja ilimpokea kila ajaye. Chaja ya jirani inaingia. Betri ya tochi, ukiibembeleza, inaingia. Fundi wa kona anaifungua kwa kisu cha kumenyea ndizi na inaamka ikicheka. Ukitaka iimbe, inaimba. Ukitaka iwike, inawika. Kila mtu aliruhusiwa kuitia kitu, na kila mtu alitia. Ndiyo maana ukiwasha Uwanja ili umjulie hali mgonjwa, kwanza inakuuliza kama unasumbuliwa na kitambi.

Wenye Kufuli waliwaita wenzao wachafu. Wenye Uwanja waliwaita wenzao wafungwa. Kisha wote walikwenda kula pilau kwa Bi Kheri.

Bi Kheri alikuwa mpishi wa shughuli. Pilau yake aliachiwa na mama yake, marehemu Bi Mwanaidi, mwanamke mfupi wa kimo na mrefu wa amri. Bi Mwanaidi alikataa katakata pilau yake kuandikwa. "Pilau haiandikwi," alisema, "inaamrishwa." Basi siku moja, kabla ya maradhi kumlaza mama, Bi Kheri aliiweka Kufuli yake kando ya mafiga, na mama akapika huku akisema, kuanzia kitunguu mpaka ukoko. Kufuli ikameza yote.

Tangu mama alipofariki, kila shughuli mambo yakawa yaleyale. Bi Kheri huiegemeza Kufuli kwenye gunia la mchele, huiwasha, na marehemu hupika.

"Kitunguu sasa," husema marehemu.

"Naam, bibi," huitikia wanawake wote uani, na hutia kitunguu.

"Geuza."

"Naam, bibi." Hugeuza.

"Subiri." Kimya. "Nimesema subiri!"

Na kila shughuli, wallahi kila shughuli, huwapo mmoja aliyekuwa amekwisha nyoosha mkono.

Mtauliza, Bi Kheri hakuikariri pilau ya mama yake miaka yote hiyo? Hakuikariri, na hakutaka. Alijua kwamba siku atakapoikariri hatakuwa na sababu ya kuwasha simu, na asipowasha simu, mama atakuwa amekufa kweli. Kwa hiyo aliisahau kwa bidii. Baada ya kila shughuli aliisahau upya.

Sasa kuna jambo moja la Mtondooni lazima mlijue. Ukoko wa harusi kule si chakula, ni cheo. Sufuria kubwa ikipakuliwa, ukoko hubanduliwa mzima, mviringo, mkubwa kuliko sinia, na hupewa mtu mmoja: yule aliyeiokoa shughuli. Haukatwi, haugawanywi, haumegwi hata pembeni. Mwaka wa kimbunga alipewa mtu mmoja aliyeng'ang'ania turubai mpaka likamnyanyua miguu. Mpaka leo anaitwa Bwana Turubai, na akifika barazani watu humpisha kiti.

Haya. Bi Kheri alikuwa na mdogo wake, Shaame, na alikuwa na mkwewe, Machano, mume wa binti yake mkubwa, Raya. Machano ndiye aliyempa Kufuli na kuitengeneza imtambue kwa uso. Alikuwa mtu wa Kufuli mpaka kwenye kucha. Shaame alikuwa mtu wa Uwanja. Simu yake ilifungwa kwa mpira wa kufungia mboga, na alijivunia mpira ule.

Siku moja ya Idd, Bi Kheri akiwa amekwenda kusali huku pilau ikiwa motoni na Kufuli ikizungumza, Shaame aliusogeza Uwanja wake karibu akairekodi sauti ya mama tangu mwanzo. Kisha akampelekea rafiki. Rafiki akampelekea rafiki. Kufika Alasiri, mji mzima ulikuwa na Bi Mwanaidi mfukoni.

Kuna aliyemtilia ngoma. Kuna aliyemfanya mlio wa simu. Ndipo kwenye maziko ya mzee mmoja, jeneza likiteremshwa polepole, mfukoni mwa mtu ikalia sauti ya marehemu mwingine: "Nimesema subiri!" Wabebaji wakasimama. Nasikia hata maiti alisubiri.

Bi Kheri aliposikia habari ile alilia kwa hasira. Mama alikuwa wake, naye Shaame amemgawa kama tende za futari. Hakusema naye tangu Mfungo Mosi mpaka Mfungo Tatu.

Ndipo ikaja harusi ya Zulekha, kitinda mimba wa Bi Kheri. Anaolewa na kijana wa mji wa pili, na mama wa kijana ni Bi Shemsa, mwanamke asiyesifu kitu. Bi Shemsa alipokubali uchumba alisema neno moja tu: "Miaka mingi nyuma nilikula pilau ya mama yako, Kheri. Nataka niile tena kabla sijafa. Nyingine msinipikie."

Bi Kheri hakulala vizuri tangu siku ile.

Asubuhi ya harusi alifika Bi Ruzuna, mpambaji, mwenye sanduku la poda na msimamo mkali. "Mama wa bi harusi hatoki na uso wa jana," alisema. "Na ukishaanza kupika sitakupata. Kaa kitako." Wageni wa mji wa pili walikuwa wanakuja, na Bi Ruzuna alitaka wauone mkono wake, wamwite na kwao. Basi alifanya kazi. Alifuta nyusi za Mungu akachora za kwake. Alibandika kope ndefu za kufagilia. Pua alichonga kwa poda mpaka ikawa pua ya mtu mwenye pasipoti. Alipomaliza, Bi Kheri alijitazama kwenye kioo na nusura ajiamkie shikamoo.

Akatoka uani. Moto unawaka, mafuta yamechemka, na wanawake, kwa mazoea na kwa papara, walikuwa wamekwisha mimina kitunguu chote bila kuamrishwa. Bi Kheri akainyanyua Kufuli mbele ya uso wake.

Kufuli ikamtazama. Ikasema: Uso haujulikani.

Bi Kheri akatabasamu. Uso haujulikani. Akanuna. Uso haujulikani. Akavua mtandio, akageuka kwenye jua, akaisogeza mpaka kope zikafagia kioo. Uso haujulikani.

"Mimi ndiye Kheri!" aliiambia. "Mimi ndiye Kheri binti Mwanaidi, kila mtu ananijua!"

Kufuli ikasema: Jaribu tena.

Machano akaja mbio, kanzu kaishika mkononi. "Usihofu, mama. Kuna namba ya siri, niliiweka mimi mwenyewe. Ni tarehe ya harusi yetu, mimi na Raya."

Uani pakapoa. Wanawake wakashusha pumzi. Machano akanyoosha kidole, kidole kikabaki hewani. Akatazama juu. Akatazama chini.

"Bonyeza, mume wangu," alisema Raya, mikono kaikunja. "Au umesahau?"

Machano akabonyeza. Kufuli ikakataa.

"Hiyo," alisema Raya, "ni siku uliyonunua pikipiki."

Akabonyeza tena. Ikakataa tena.

"Hiyo ni siku ya fainali."

"Basi sema wewe!" Machano alimlilia mkewe. Raya akafungua mdomo. Akaufunga. Akasema ilikuwa siku ya mvua. Hapo Kufuli ikachoka nao wote wawili, ikaandika kwamba namba hazipokelewi tena, na kuanzia sasa itamfungulia mwenye uso wake tu.

Kitunguu kilianza kunuka. Mnajua hatua ile ambayo kitunguu kinatoka kwenye dhahabu kwenda kwenye msiba? Kilikuwa hapo. Bi Kheri alishika mwiko asijue ageuze au aepue; hii ni harusi ya mtoto wake wa mwisho, na mama yuko mkononi mwake na hamfikii.

Shaame akatokea mlangoni, Uwanja mkononi. "Dada," alisema kwa unyonge, "mimi ninaye mama."

"Huna mama wewe, una wizi!"

"Nina wizi, dada. Niuwashe?"

Moshi ukapanda. Bi Kheri akafumba macho. "Uwashe."

Kwenye simu mbuzi wa Idd akalia. Chafya ya Shaame ikapita. Kisha, ndani ya makelele hayo, sauti yenyewe: "Kuni, Kheri! Toa kuni mbili upesi! Mimina tone la maji!"

"Naam, bibi!" Wanawake wakarukia kuni, maji yakamwagwa, kitunguu kikapiga kelele na kutulia. Kilikuwa cha dhahabu. Kingechelewa kidogo tu kingekwenda kwa kuku. Bi Kheri alimtazama mdogo wake, na hasira yake haikujua ikae wapi.

Wakaendelea. Nyama ikaingia, thomu na tangawizi vikaingia. "Sasa tia," alisema marehemu, na sauti nyingine ikamkata, changamfu, "namba yako hapa ujishindie gari!"

"Naam, bibi," aliitikia mmoja, kisha akauliza, "Namba gani?"

"Hilo tangazo!" alisema Shaame. "Lipuuzeni, litapita."

Likapita. Marehemu akarudi. "Pilipili manga," alisema. "Konzi tatu."

Bi Kheri akachota konzi ya kwanza. Lakini jirani mmoja, kwa wema tu, naye alikuwa amewasha Uwanja wake ili kusaidia, na ule ukasema: "Pilipili manga. Konzi tisa." Sauti ileile. Amri ileile. Pembeni ukawashwa wa tatu, ule wa ngoma, ukawa unasema konzi, konzi, konzi, bila kufika popote.

"Ni tatu au ni tisa?" Bi Kheri aliuliza.

Watu wakatazamana. Kuna mtu mjini, kwa mzaha, alikuwa ameichezea sauti. Lakini aliichezea ipi? Tatu aliifanya tisa, au tisa aliifanya tatu?

"Shaame, wewe ndiye uliyerekodi. Yako si ndiyo ya mwanzo?"

Shaame akajikuna kisogo. Simu yake iliwahi kujaa, alisema, akaifuta ile ya mwanzo ili apate nafasi ya kuweka mpira wa miguu. Hii alirudishiwa na rafiki, aliyeipata kwa rafiki. Imetembea mjini kote ndipo ikarudi nyumbani, na nani ajuaye ilipita kwa nani.

Sufuria ilikuwa ya harusi nzima. Kama ni tatu na wakatia tisa, wageni wa mji wa pili wangekimbilia kisimani. Kama ni tisa na wakatia tatu, Bi Shemsa angekula chakula cha hospitali, naye alishasema nyingine asipikiwe.

"Ya kweli ni moja," alisema Machano, "na imo humu." Akaipapasa Kufuli.

"Humu mnamoingiwa na nani?" aliuliza Shaame.

Ndipo Bi Ruzuna akasimama. Tangu mwanzo alikuwa amekaa kwenye kibao, anautazama uso wa Bi Kheri kwa furaha, kama mtu anayetazama nyumba yake mpya. Alichukua kopo la maji, kipande cha kitambaa na mafuta ya nazi.

"Kaa kitako, Kheri," alisema.

"Ruzuna, mwenzangu, usifanye hivyo. Wageni hawajakuona mkono."

"Kaa."

Zikaondoka nyusi. Zikaondoka kope, moja ikamganda Bi Ruzuna kidoleni akaipangusa kwenye kanga yake taratibu. Ikaondoka pua ya pasipoti, ikarudi pua ya ukoo. Bi Ruzuna aliosha kazi yake yote huku machozi yanamtoka, naye hakuwa karibu na kitunguu. Alipomaliza, pale kwenye kigoda aliketi Kheri, binti Mwanaidi, uso wa jana kabisa.

Akainyanyua Kufuli. Kufuli ikasema: Karibu, Kheri. Ikafunguka.

Sauti ikatoka safi, hakuna mbuzi, hakuna gari la kushinda. "Pilipili manga, konzi tatu. Tatu, Kheri, za mkono wako, si za mkono wa mwanamume."

"Naam, bibi," walisema wanawake kwa sauti ndogo.

Na baada ya hapo ikaja ile sehemu ambayo katika nakala zote za mji mbuzi alikuwa ameifunika. Marehemu akasema, kwa sauti asiyoitumia kwa watu wengi: "Unalia, mwanangu? Haya. Tuseme ni kitunguu."

Bi Kheri akalia palepale, kama anavyolia kila shughuli. Safari hii hapakuwa na wanja wa kuharibika.

Pilau ikaiva. Wageni wakaja, wakanawa, wakala. Bi Shemsa alitia tonge la kwanza kinywani, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka mwanawe akaanza kuwa na wasiwasi. Kisha akasema, "Ndiyo yenyewe." Mji wa pili wote ukageuka kumtazama, maana hawakuwahi kumsikia akisema hivyo kwa kitu chochote.

Ukoko ukabanduliwa. Ulitoka mzima, mviringo, mwekundu wa kupendeza, unaita. Bi Kheri akauweka kwenye sinia, akasimama nao katikati ya uwa, na maneno yakaanza.

"Dada," alisema Shaame, "wangu huo. Kitunguu kingeungua kusingekuwa na pilau ya kutiwa konzi. Kufuli ilikufungia mlango nawe ndiye mwenye nyumba! Mimi niliiba, nakiri, lakini ile niliyoiba ndiyo iliyokuwepo."

"Mama," alisema Machano, "mjomba asingemtawanya bibi, tisa ingetoka wapi? Kitu kikishikwa na kila mtu, mwisho hakuna anayejua kilikuwaje. Kweli moja ilibaki mji mzima, nayo ilibaki kwa sababu ilifungiwa. Na aliyeifungia ni mimi."

"Na tarehe ya harusi yetu umeifungia wapi?" aliuliza Raya. Machano akajifanya hakusikia.

"Nyie mna simu," alisema Bi Ruzuna, "mimi nilikuwa na uso. Simu ya huyu ilimkana Kheri, simu ya huyu ikamdanganya. Aliyemrudisha Kheri kuwa Kheri ni mimi, nami sina cha kuonyesha leo. Mji wa pili hawajui hata kama nilikuja."

"Na aliyemfanya asijulikane ni nani?" walidakia Shaame na Machano pamoja, na hilo ndilo neno pekee walilowahi kukubaliana.

Kelele zikazidi. Wa Kufuli upande huu, wa Uwanja upande ule, wanawake waliopambwa wote nyuma ya Bi Ruzuna. Vidole vikaanza kupunga. Mmoja alikuwa amekwisha nyoosha mkono kuelekea sinia, na hapo hapo, katikati ya watu, simu ikalia:

"Nimesema subiri!"

"Naam, bibi!" Miji miwili ikaganda. Mkono ukarudi. Na Bi Shemsa, asiyesifu kitu, akapekua mkoba wake haraka haraka akaizima simu yake, kaona haya mpaka masikioni. Alikuwa na Uwanja. Alikuwa na mama wa Kheri mkobani siku zote hizi.

Bi Kheri alimtazama. Akamtazama Shaame, aliyemgawa mama mpaka mji wa pili. Akaitazama Kufuli, iliyomtunza mama hata dhidi ya binti yake. Akautazama uso wa Bi Ruzuna, ambao poda yake mwenyewe ilikuwa na mifereji ya machozi. Alitaka kuwapa wote watatu, na alitaka kuwanyima wote watatu. Akaipeleka sauti mpaka mwisho kabisa, akaiinua Kufuli juu ili watu wote wasikie.

"Ukoko," alisema marehemu, "mpe aliyeiokoa shughuli. Mmoja, Kheri. Usiukate, wala usimwonee mtu haya. Na upesi, ukipoa haufai."

"Naam, mama," alisema Bi Kheri. Akainua sinia, akapiga hatua.

Alielekea kwa nani? Ukiwauliza wa Kufuli, wana jibu moja tu, na hawakuruhusu ulibadilishe. Ukiwauliza wa Uwanja, watakupa majibu tisa, na utakalolichagua watalitilia ngoma. Mimi nimechoka na wote. Nawauliza nyinyi mliokaa hapo mmetumbua macho, tena jibuni upesi, sinia ni la moto na Bi Kheri anaungua vidole: katika hao watatu, nani alistahili ukoko?